Tusiwafungie watoto wetu ndani

Katika madarasa yetu mengi yupo mtoto anayeandika huku akitazama daftari la jirani yake badala ya kutazama ubao. Mwalimu akimwona humkaripia kwa kunakili. Akiulizwa swali lililoandikwa ubaoni hunyamaza, naye huhesabiwa miongoni mwa wazito wa kufahamu. Siku akihamishiwa dawati la mbele, maendeleo yake hupanda ghafla, na wapo wanaojisifu kwamba ni matunda ya nidhamu, kumbe kilichobadilika ni mita nne tu kati ya macho ya mtoto huyo na ubao. Mwandishi wa maneno haya aliwahi kuwa mtoto huyo. Alichapwa kwa uvivu karibu mwaka mzima wa darasa la tano, mpaka mjomba wake alipomwambia asome jina la njia lililoandikwa usoni mwa basi lililokuwa likija, akashindwa kusoma hata herufi moja. Hatutaji shule wala mwalimu, maana kosa halikuwa la mtu mmoja. Katika shule ile hapakuwa na mtu aliyefundishwa kuuliza kama mtoto anaona.

Tunaandika leo juu ya kasoro ya kutoona mbali, ile inayomfanya mtu aone vizuri kitabu kilicho mkononi lakini aone ukungu akitazama ng'ambo ya barabara. Kwa muda mrefu kasoro hii ilichukuliwa kuwa jambo la miwani tu: mtoto haoni, apewe miwani, na mwaka ujao akizidi kutoona apewe nyingine iliyo kali zaidi. Hakuna aliyeuliza kwa nini kila mwaka miwani izidi ukali. Utaalamu wa leo umekwisha kuuliza swali hilo na umepata majibu, na jibu mojawapo halihitaji fedha za kigeni wala kiwanda. Linahitaji ratiba ya shule ibadilishwe. Ndiyo maana tunawaandikia hasa ndugu zetu walimu na watumishi wa serikali wanaopanga ratiba hizo na kuzikagua.

Kwanza yafaa kufahamu ni nini kinachotokea ndani ya jicho. Jicho la mtoto hukua kama mwili wake unavyokua. Huanza likiwa fupi, nalo hurefuka polepole hadi kufikia kiasi cha milimita 24 kwa mtu mzima, na katika kurefuka huko hujipima lenyewe, ili taswira ya vitu iangukie barabara juu ya retina, yaani ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Kwa mtoto mwenye kasoro hii, jicho hupita kiasi. Hurefuka kuliko inavyotakiwa, taswira ya kitu cha mbali ikaangukia mbele ya retina badala ya kuangukia juu yake. Milimita moja tu ya ziada yatosha kumfanya mtoto ahitaji miwani ya kiasi cha dayopta mbili na nusu hadi tatu. Na jicho likisharefuka halirudi tena. Miwani huisogeza taswira mpaka mahali pake, lakini haiwezi kuusogeza ukuta wa jicho.

Hapo ndipo ilipo hatari ambayo wazazi wengi hawaijui. Kasoro ikizidi dayopta sita, retina huwa imevutwa na kukonda kama mpira uliotanuliwa kupita kiasi. Mtu wa namna hiyo akifikia utu uzima yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuchanika retina au kubanduka kwake, ya kuharibika kile kitovu cha retina kitumiwacho kusomea, na ya kupata ugonjwa wa presha ya macho. Upofu wa namna hiyo hauondolewi na miwani ya aina yoyote. Kwa upande mwingine, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba kila dayopta moja inayozuiliwa isiongezeke hupunguza kwa kiasi cha asilimia 40 uwezekano wa kuharibika kwa kitovu hicho. Kwa hiyo haiwi sahihi kusema kwamba mtoto akiwa tayari amevaa miwani basi limekwisha. Kila dayopta inayoepukwa ina faida.

Umri nao una uzito wake. Mtoto aliyeanza kutoona mbali akiwa na miaka saba anayo mbele yake miaka mingi ya jicho kurefuka kuliko yule aliyeanza akiwa na miaka kumi na mitatu, kwa kuwa mwendo huo hupungua mtu anapoelekea mwisho wa ujana. Kuchelewesha kasoro isianze mapema ni njia kubwa ya kuizuia isiwe kali.

Nchi zilizolipia somo hili kwa gharama kubwa zaidi ni zile za Asia ya Mashariki. Katika mji wa Seoul, uchunguzi wa vijana wa kiume wenye umri wa miaka 19 waliopimwa kwa ajili ya utumishi wa jeshi, uliochapishwa mwaka 2012, uliwakuta vijana zaidi ya 96 katika kila 100 wana kasoro hii. Wapo waliosema ni damu: kwamba watu wa huko wameumbwa hivyo. Kwa kweli mtoto mwenye wazazi wawili wasioona mbali ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuirithi kasoro hiyo, na hilo hatulikatai. Lakini mwaka 2008 wataalamu waliwalinganisha watoto wa asili ya Kichina wenye umri wa miaka sita na saba waishio Singapore na wenzao wa asili hiyo hiyo waishio Sydney, huko Australia. Singapore watoto 29 katika kila 100 walikuwa hawaoni mbali. Sydney walikuwa watatu. Damu ni moja, na wale wa Sydney walikuwa wakisoma vitabu vingi zaidi kwa wiki! Tofauti kubwa iliyoonekana ni kwamba watoto wa Sydney walikaa nje zaidi ya saa 13 kwa wiki, na wale wa Singapore saa tatu tu.

Wapo watakaouliza kama hiyo haikuwa sadfa. Jibu lilitoka Guangzhou, kusini mwa China. Shule za msingi 12 zilishirikishwa, nusu yake zikaongezewa dakika 40 za kuwa nje kila siku ya masomo, yaani kama kipindi kimoja cha shule, na nusu nyingine zikaendelea na ratiba ya kawaida. Baada ya miaka mitatu, katika shule za kawaida asilimia 39.5 ya watoto walikuwa wamepata kasoro hii. Katika zile zilizoongezewa dakika 40 walikuwa asilimia 30.4. Hayo yalichapishwa mwaka 2015. Katika kisiwa cha Taiwan hawakuishia kwenye majaribio. Mwaka 2010 walianzisha mpango wa kuwatoa watoto wa shule za msingi nje dakika 120 kila siku. Kabla ya hapo idadi ya watoto wenye uoni hafifu ilikuwa ikipanda mwaka hadi mwaka, kutoka asilimia 34.8 mwaka 2001 hadi asilimia 50 mwaka 2011. Baada ya mpango kuenea ilianza kushuka, ikafika asilimia 46.1 mwaka 2015. Upungufu huo waweza kuonekana mdogo, lakini ulikuja baada ya miaka kumi ya kupanda mfululizo.

Kisha ukaja ugonjwa wa UVIKO mwaka 2020, ukafanya jaribio ambalo hakuna daktari angethubutu kulifanya kwa makusudi. Huko Feicheng, katika jimbo la Shandong, watoto wa shule walikuwa wakipimwa macho kila mwaka. Walipofungiwa nyumbani kwa miezi kadhaa na kupimwa tena, miongoni mwa wale wa miaka sita asilimia 21.5 walionekana na kasoro. Katika miaka mitano iliyotangulia idadi hiyo haikuwahi kupita asilimia 5.7.

Nini kilichomo katika mwanga wa mchana? Maelezo yanayokubaliwa zaidi ni kwamba mwanga mkali huifanya retina itoe kwa wingi kemikali iitwayo dopamini, nayo hulizuia jicho lisirefuke ovyo. Majaribio ya vifaranga waliowekwa kwenye mwanga mkali yaliunga mkono jambo hilo. Chumba cha darasa chenye mwanga wa kuridhisha huwa na laksi mia kadhaa, laksi ikiwa ndicho kipimo cha mwanga. Nje kwenye jua la mchana hufikia laksi laki moja. Lakini si lazima mtoto aunguzwe na jua. Utafiti mwingine wa Taiwan, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba hata mwanga wa kivulini, wa kiasi cha laksi elfu moja na zaidi, unafaa iwapo mtoto ataupata kwa muda wa kutosha. Kwa lugha yetu, kivuli cha mwembe chatosha. Wala si lazima mtoto awe anakimbia. Akikaa chini ya mti huo akasoma kitabu chake, jicho lake bado linapata mwanga linaouhitaji.

Hatuna budi kuwa wakweli hapa. Ushahidi wa mwanga wa mchana una nguvu zaidi katika kuichelewesha kasoro isianze kuliko katika kuipunguza kasi ikishaanza. Mzazi ambaye mtoto wake tayari amevaa miwani asidanganywe na mtu yeyote kwamba akimpeleka uwanjani miwani itatupwa. Haitatupwa. Na asijaribu kabisa kumtia mtoto machoni dawa za mitishamba au vitu vingine ambavyo baadhi ya watu hupenda kushauriana uchochoroni. Havijapata kulifupisha jicho hata moja, na vimewaharibia watoto wengi vioo vya macho yao.

Tuje nyumbani. Msomaji anaweza kusema kwamba hayo ni ya Seoul na Singapore, na sisi tunayo matatizo yetu. Ni kweli kwamba kasoro hii bado ni ndogo kwetu, hasa vijijini. Uchunguzi uliofanywa katika shule za sekondari za mji wa Mwanza, uliochapishwa mwaka 2002, uliwapima wanafunzi 2,511. Karibu wanafunzi sita katika kila mia walikuwa na kasoro ya uoni iliyohitaji miwani, na karibu wote hao walikuwa hawaoni mbali. Zaidi ya theluthi mbili yao hawakuwa na miwani. Sita katika mia ni wachache wakilinganishwa na wa Asia, lakini katika darasa la wanafunzi hamsini ni watatu, na wawili kati yao wamekaa pale bila kuona ubao.

Tena idadi hiyo haitakaa pale pale ilipo. Wataalamu walikadiria mwaka 2016 kwamba ifikapo mwaka 2050 nusu ya watu wote duniani watakuwa hawaoni mbali. Nasi tunaonekana tumepania kuwamo katika nusu hiyo. Tazama maisha ya mtoto wa mjini leo. Basi la shule humchukua saa kumi na moja alfajiri, giza lingali limetanda. Hushinda darasani, na mapumziko yake hukatwa ili amalize zoezi. Jioni hupelekwa tuisheni. Hurudi nyumbani jua limezama, akala, akafanya kazi za shule chini ya taa, na akibahatika kupata nafasi hupewa simu ili atulie. Jumamosi ana masomo ya ziada. Mtoto huyo aweza kumaliza wiki nzima bila kukanyaga mchanga wakati wa jua. Na wazazi hulipia hayo kwa fedha nyingi, wakaona fahari.

Wapo wanaoitupia simu lawama yote. Sisi hatuitetei simu, na Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa mwaka mmoja asiwekwe mbele ya kioo cha simu au televisheni kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Lakini vijana wa Taiwan na Singapore walikwisha kuwa hawaoni mbali kwa maelfu tangu miaka ya 1980 na 1990, kabla simu janja hazijabuniwa. Kilichowapata ni vitabu, mitihani na vyumba vilivyofungwa. Kumnyang'anya mtoto simu kisha ukamfungia chumbani na vitabu vya mtihani hadi usiku ni kumtoa shimo hili na kumtumbukiza katika lile.

Kwa hiyo basi tunatoa hoja yetu wazi wazi. Kila shule ya msingi, ya serikali na ya binafsi, ya kutwa na ya bweni, imhakikishie kila mtoto saa mbili za kuwa nje wakati wa mchana. Jambo hili si gumu kama linavyosikika. Gwaride la asubuhi huhesabiwa. Mapumziko huhesabiwa, mradi watoto watolewe nje kweli na milango ifungwe. Kipindi cha michezo huhesabiwa, na hapa ndipo tunapotaka ukali kidogo, kwa kuwa inajulikana kwamba katika shule nyingi kipindi hicho kipo kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani tu, na madarasa ya mitihani hayakioni kabisa. Somo la kusoma kwa sauti laweza kufanyiwa chini ya mti. Sayansi ya mimea haihitaji kuchorwa ubaoni ilhali mimea yenyewe imesimama nje ya dirisha. Wala asitokee mtu akatumia maneno haya kuwa kisingizio cha kutojenga madarasa. Mtoto asomaye nje kwa kukosa paa tunamdai paa lake, na atatoka nje akiwa na mahali pa kurudi. Na asitokee mwalimu akawatuma watoto shambani kwake kwa jina la afya ya macho.

Watoto wenye ualbino ni suala la pekee. Ngozi yao haivumilii jua, macho yao huumizwa na mwanga, na wengi wao wana kasoro kubwa za uoni. Hao wakae kivulini, wavae kofia pana na mikono mirefu, wapewe dawati la mbele bila kuomba, na wafuate ushauri wa daktari wao. Na watoto wote waonywe wasilitazame jua lenyewe.

Kwa wale ambao kasoro imekwisha kuanza, la kwanza ni miwani iliyo sahihi. Ipo imani iliyoenea kwamba miwani huharibu macho, au kwamba mtoto apewe miwani hafifu ili jicho lifanye mazoezi. Imani hiyo ni potofu. Majaribio yaliyofanywa Malaysia na kuchapishwa mwaka 2002 yalionyesha kwamba watoto waliopewa miwani hafifu kwa makusudi, kasoro yao ilikwenda mbio zaidi kuliko ya waliopewa miwani kamili. Zaidi ya miwani ya kawaida zipo lenzi zilizotengenezwa mahususi kupunguza mwendo wa kasoro. Moja ya aina hizo ilijaribiwa huko Hong Kong kwa miaka miwili, ikapunguza mwendo huo kwa kiasi cha nusu. Yapo pia matone ya atropini, dawa ya zamani ya kupanua mboni, ambayo sasa hutumiwa ikiwa hafifu sana. Huko Hong Kong vilevile matone ya asilimia 0.05 yalipunguza mwendo wa kasoro kwa zaidi ya nusu katika mwaka wa kwanza. Lakini matone hayo ni ya daktari wa macho peke yake. Atropini kali ya hospitali isichukuliwe na mzazi akaichanganya na maji nyumbani, na hata ile hafifu ikiachwa ghafla kasoro yaweza kurudi mbio.

Twajua kwamba lenzi hizo na matone hayo si vitu vya mshahara wa mwalimu wa kawaida, na hatutajifanya kwamba zahanati ya kata inavyo. Jambo ambalo zahanati na shule zinaweza kulifanya mwaka huu ni kumtambua mtoto asiyeona. Chati ya herufi E hutundikwa ukutani, mtoto akasimama mita sita kutoka hapo, akaziba jicho moja kisha la pili, akaonyesha kwa kidole herufi imeelekea wapi. Mwalimu aliyeelekezwa aweza kufanya kazi hiyo. Jirani zetu wa Kenya wamelithibitisha hilo katika shule 50 za msingi za Kaunti ya Trans Nzoia, katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2018. Walimu waliwapima watoto kwa kutumia simu, na wazazi wakakumbushwa kwa ujumbe mfupi. Zaidi ya nusu ya watoto waliogunduliwa walifika hospitali. Pale ambapo watoto walipimwa kwa njia ya zamani na kupewa karatasi tu, waliofika walikuwa 22 katika kila mia.

Na mtoto akishapata miwani, mwalimu asidhani kazi imekwisha. Katika shule za sekondari za Dar es Salaam ulifanywa utafiti, uliochapishwa mwaka 2008, ambapo baadhi ya wanafunzi walipewa miwani bure na wengine wakapewa karatasi ya vipimo tu. Baada ya miezi mitatu, waliopewa bure na wakawa wanaitumia walikuwa asilimia 47, na wa karatasi asilimia 26. Bei basi ina uzito, lakini hata miwani ya bure zaidi ya nusu haikuvaliwa. Yeyote aliyewahi kuingia darasani na miwani kwa mara ya kwanza anajua sehemu ya sababu yake. Kicheko cha siku ya kwanza hukumbukwa kwa miaka, na mwalimu ndiye mwenye uwezo wa kukinyamazisha asubuhi hiyo hiyo.

Wakaguzi wa shule nao wanayo sehemu yao. Wakaguapo maandalio ya masomo na daftari la mahudhurio, waulize pia ni lini watoto wa darasa la saba walitoka nje mara ya mwisho, na wasikubali kuonyeshwa ratiba ya ukutani. Waende uwanjani saa nne asubuhi wakaangalie. Na walimu wakuu wanaopanga ratiba ya muhula ujao waanze na mstari wa mapumziko na ule wa michezo, wauandike kwa wino, kisha ndipo wagawe vipindi katika saa zitakazobaki.